Baiti 40 zilipunguzwa, kumbukumbu haikupungua

Kila kijana anayeniletea kiraka chake cha kwanza (mabadiliko ya msimbo) katika lugha ya C na kuniambia kwa furaha, "Nimepunguza baiti nane," huwa namuuliza swali moja: sanduku limepungua, au kilichomo tu? Swali hilo nililipata kwenye kazi iliyofanywa ndani ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, mwaka 2024, ikatoka katika toleo la 6.12 tarehe 17 Novemba mwaka huohuo. Aliyeiongoza ni Christian Brauner, mmoja wa wasimamizi wa VFS, yaani lile tabaka la kerneli linalounganisha mifumo yote ya faili. Muundo (kifurushi cha data zinazokaa pamoja) walioushughulikia una jina fupi kabisa, `struct file`. Uliingia kazini ukiwa na baiti 232, ukatoka na baiti 184.

Ukizisoma tarakimu hizo mbili peke yake utadhani mambo yalikuwa mepesi. Mimi kilichonishika ni pale katikati ya safari, ambapo baiti 40 zilikuwa zimeshaondolewa na kumbukumbu ya mashine haikupungua hata chembe.

Tuanze na huo muundo wenyewe. Programu ikifungua kitu chochote, kerneli hutengeneza `struct file` moja kwa ajili ya ufunguzi huo. Kitu chenyewe kinaweza kuwa faili la kwenye diski, soketi ya mtandao, au bomba la kupitishia data kati ya programu mbili. Kwa kerneli vyote hivyo ni faili lililofunguliwa. Ndani yake huandikwa umefikia wapi katika kusoma, umeruhusiwa kusoma tu au na kuandika pia, ni wangapi wanaoishikilia, na kadhalika. Kompyuta ya mezani yenye kivinjari kilichofunguliwa huwa nazo kwa maelfu. Seva yenye wateja wengi hufika malaki, kwa sababu kila mteja aliyeunganishwa ana soketi yake, na kila soketi ina `struct file` yake. Ukitaka kujua mashine yako inazo ngapi sasa hivi, andika `cat /proc/sys/fs/file-nr` na usome namba ya kwanza.

Kwa hiyo ni muundo mdogo unaorudiwa mara nyingi mno. Miundo ya aina hiyo ndiyo inayostahili kukodolewa macho. Kupunguza baiti 48 kwenye kitu kilichopo kimoja tu katika mashine nzima ni kupoteza muda wa wanaopitia viraka.

Sasa njoo kwenye sanduku. Kerneli haitafuti kumbukumbu upya kila faili linapofunguliwa. Inafanya kama fundi seremala aliyepata oda ya miguu ya viti: anachukua ubao mzima, anaukata vipande vya urefu mmoja, anavipanga, na kila anayehitaji anapewa kipande kilicho tayari. Ubao hapa ni ukurasa wa kumbukumbu wenye baiti 4,096, na wakati mwingine kurasa kadhaa zilizoungana. Mtindo huu ulielezwa na Jeff Bonwick mwaka 1994 kwa ajili ya mfumo wa Sun, na Linux leo inautumia kupitia kigawaji kiitwacho SLUB. Stoo ya vipande vya `struct file` inaitwa `filp`.

Vipande vya `filp` havikatwi kwa urefu wowote ule. Prosesa haichukui kumbukumbu baiti moja moja. Inavuta mistari ya baiti 64, inayoitwa mistari ya kashe (kashe ni kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa). Kipande kikianzia katikati ya mstari, nusu ya mstari huo ni ya jirani, na prosesa mbili zinazoshughulika na mafaili mawili yasiyohusiana zitajikuta zinanyang'anyana mstari mmoja. Ndiyo maana stoo ya `filp` imeagizwa ikate kwa vipimo vya 64: ama 192, ama 256, hakuna cha katikati. Muundo wa baiti 232 ukawa unakaa kwenye kipande cha 256, na ubao mmoja ukitoa vipande 16.

Hapa wengi hupotea, kwa sababu kuna vipimo viwili na kila kimoja kinasema kweli. Kifaa kiitwacho `pahole`, alichokiandika Mbrazili Arnaldo Carvalho de Melo, hufungua muundo na kuonyesha kila sehemu iko wapi, ina ukubwa gani, na mashimo yako wapi. Ukikiendesha kwa `pahole -C file /sys/kernel/btf/vmlinux` kwenye kerneli ya zamani ya x86-64 (aina ya prosesa iliyozoeleka kwenye kompyuta za mezani na seva) kitakuambia 232. Fungua `/proc/slabinfo` kwa ruhusa ya msimamizi, tafuta mstari unaoanza na `filp`, na namba ya tatu baada ya jina itakuambia 256. Cha kwanza kinapima mzigo, cha pili kinapima gunia, na kumbukumbu ya mashine hulipwa kwa gunia.

Timu ya Brauner ilianza na sehemu iitwayo `f_owner`. Kuna njia ya kale ya kuiambia kerneli, "Faili hili likipata data mpya, nitumie ishara." Ili kuifanya kazi hiyo, kerneli inapaswa kukumbuka ishara itumwe kwa nani, kwa mamlaka ya mtumiaji gani, na ni ishara namba ngapi. Kumbukumbu hizo pamoja na kufuli lake zilikula baiti 32, na zilikaa ndani ya kila faili lililofunguliwa. Ni mafaili mangapi hutumia njia hiyo? Machache sana. Programu nyingi za leo husubiri data kwa `epoll` na jamaa zake, wala haziombi ishara. Yaani mamilioni ya mafaili yalikuwa yakibeba sanduku la barua ambalo hakuna barua itakayotiwa humo.

Brauner angeweza kubanabana zile baiti 32 zikawa 28 au 24. Hakufanya hivyo, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Aliuliza kwa nini kitu hicho kimo humo hata kidogo. Akakitoa nje kabisa, akaacha kielekezi kimoja cha baiti 8, yaani anwani tu ya mahali kitu kilipo. Anayehitaji ishara sasa ndiye anayeombewa nafasi hiyo wakati anapoihitaji. Wengine wote wana kielekezi kitupu. Baiti 24 zikarudi.

Hatua ya pili ni ya ufundi mtamu, lakini nieleze kwanza shimo ni nini. Angalia muundo huu mdogo:

```c
struct mfano {
        char aina; /* baiti 1 */
        long nambari; /* baiti 8 */
        int  rangi; /* baiti 4 */
};
```

Ukijumlisha unapata 13. Kwenye x86-64 kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) itakupa 24. Sehemu ya `long` lazima ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 8, kwa hiyo baada ya `aina` linaachwa shimo la baiti 7. Mwishoni zinaongezwa baiti 4 nyingine ili muundo unaofuata katika safu nao uanze mahali sahihi. Ipange upya, `nambari` kwanza, kisha `rangi`, kisha `aina`, utapata 16. Hakuna kilichoondolewa. Vitu ni vilevile, mpangilio ndio umebadilika, na kompaila ya C hairuhusiwi kukupangia. Ni kazi ya anayeandika.

Baada ya `f_owner` kutoka, ndani ya `struct file` likabaki shimo la baiti 4. Na mahali pengine humo kulikuwa na chumba cha baiti 16 ambamo vitu vitatu vililala kwa zamu kitanda kimoja. Viwili kati yake vinatumika wakati faili linafungwa tu: ni vibanio vya kuliweka kwenye foleni ya kufungwa baadaye. Cha tatu, `f_iocb_flags`, ni bendera za baiti 4 zinazotumika faili likiwa hai. Kando kabisa, kwenye chumba chake cha peke yake cha baiti 32, alikaa `f_ra`, anayekumbuka kerneli imesoma mbele kiasi gani ili data iwe tayari kabla programu haijaiomba.

Walichofanya ni kubadilishana vyumba. Bendera za baiti 4 zikahamia kwenye lile shimo la baiti 4, zikaingia sawia. Naye `f_ra` akahamia kwenye kitanda cha zamu pamoja na vibanio vya kufungia. Inawezekana kwa sababu faili likishaanza kufungwa hakuna tena atakayelisoma mbele, na kabla halijaanza kufungwa hakuna anayevihitaji vibanio. Zamu zao hazigongani hata siku moja. Chumba cha zamu kikawa cha baiti 32, kile cha pekee kikafutika, na baiti 16 nyingine zikarudi.

Jumla baiti 40. Muundo sasa una baiti 192 kamili, yaani mistari mitatu ya kashe bila hata baiti moja ya ziada. Kwa `pahole` ni ushindi. Ukienda stoo, kipande bado ni 256, ubao bado unatoa 16.

Kilichotokea ni hiki. Kipande kikiwa kimerudishwa stoo, kigawaji kinahitaji mahali pa kuandika kipande huru kinachofuata kiko wapi, ndivyo orodha ya vipande huru inavyoungwa. Kwa kawaida kigawaji huandika anwani hiyo ndani ya kipande chenyewe, maana kimeshaachwa na hakuna anayekitumia. Haigharimu chochote. Lakini stoo ya `filp` ilikuwa imebadilishwa tabia tangu toleo la 6.7. Tangu hapo, faili lililofungwa linaweza kurudishwa stoo na kugawiwa mtu mwingine papo hapo, hata kama prosesa nyingine bado inalitupia jicho. Anayelitafuta faili huchukua anwani kwenye jedwali, huongeza hesabu ya washikaji ikiwa si sifuri, kisha hurudi kwenye jedwali kuhakikisha bado linaelekeza palepale. Likiwa limebadilika, huachia na kuanza upya.

Mpango huo unafanya kazi kwa sharti moja: ile hesabu ya washikaji isiwe imechafuliwa wakati kipande kiko stoo. Kigawaji hakijui hesabu iko sehemu gani ya muundo. Kwa kutojua, kinachukua tahadhari ya juu kabisa: hakigusi kipande popote, na anwani ya kipande kinachofuata kinaiweka nje, baada ya muundo kwisha. Baiti 8. Sasa 192 na 8 ni 200, na 200 haiingii kwenye 192. Inakatiwa 256.

Mstari mzima wa nne wa kashe ulikuwa umeongezwa kwa ajili ya baiti 8 za kigawaji, tena zinazotumika wakati kipande kimelala stoo tu. Brauner alilieleza hilo waziwazi kwenye kiraka chake kilichofuata, na ninampenda kwa hilo, kwa sababu mtu mwingine angeleta picha ya `pahole` yenye 192, akapokea pongezi, akaenda zake. Yeye alikwenda kuangalia gunia.

Dawa yake haikuwa ndani ya `struct file` tena. Ilibidi kukifundisha kigawaji. Wakaongeza njia ya kufungua stoo ambayo anayeifungua husema mwenyewe: "Mimi naujua muundo wangu, andika anwani yako hapa, hapa hapana madhara." Kwa `filp` mahali palipochaguliwa ni kile kitanda cha zamu anacholala `f_ra`. Anayetafuta faili hamgusi `f_ra` kabla hajaishika hesabu na kuhakikisha, kwa hiyo hata akikuta takataka pale hatazisoma. Ile hesabu ya washikaji iko mbali na haiguswi. Anwani ikaingia ndani, zile baiti 8 za nje zikafutika, na kipande kikakatwa 192. Hapo ndipo kumbukumbu ilipoanza kupungua kweli.

Kutoka 192 hadi 184 ni kazi ya kufagia, na niseme kweli ndiyo iliyochukua viraka vingi kuliko zote. Kulikuwa na sehemu ya baiti 8 iitwayo `f_version`. Asili yake ni mifumo ya faili iliyotaka kujua kama folda imebadilika tangu mara ya mwisho iliposomwa. Kwa miaka kila mpita njia aliyeona nafasi hiyo aliitumia kwa jambo lake. Mifumo ya faili kama ext4, ext2, UFS, UDF na mingine iliitumia kwa folda. Mabomba yaliitumia kwa kusubiri waandishi. Tabaka la kibodi na vifaa vya kuingizia lilikuwa limeweka mambo yake humo. Kuna hata walioiandikia sifuri na wasiisome kamwe. Ceph, nao ni mfumo wa faili, ulikuwa miongoni mwao. Mmoja mmoja akahamishiwa kwenye kumbukumbu yake binafsi: folda za ext4 zikapewa mahali ndani ya data zao wenyewe, mabomba yakapewa zamu kwenye chumba cha kufuli ambalo wao hawalitumii. Alipohama wa mwisho, sehemu ikafutwa.

Hesabu ya faida sasa. Chukua seva yenye `struct file` milioni moja. Kwa vipande 16 kwa ubao unahitaji kurasa 62,500, yaani baiti milioni 256. Kwa vipande vya 192 kila ubao unatoa 21, na hapo unabaki mabaki ya baiti 64 ambayo hayamfai mtu. Kurasa zinazohitajika zinakuwa 47,620, sawa na baiti milioni 195 na ushei. Kilichookolewa ni karibu milioni 61. Usiizidishe 48 kwa milioni wala 64 kwa milioni. Zote mbili zinakudanganya, moja kwa sababu inapima mzigo, nyingine kwa sababu inasahau mabaki ya ubao. Kigawaji kikichukua kurasa nne kwa pamoja, mabaki hayo ya baiti 64 yanakuwa ya kurasa zote nne badala ya kila moja, kwa hiyo vipande vinafika 85.

Watu huniambia megabaiti 61 kwenye seva yenye gigabaiti mamia ni kitu gani. Ninawaelewa, ila wanaangalia upande mmoja. Mistari mitatu badala ya minne maana yake ni kwamba kila faili linashika nafasi ndogo zaidi ndani ya kashe ya prosesa, na kashe haihesabiwi kwa gigabaiti. Kashe ya kwanza ya prosesa nyingi ina kilobaiti 32 au 48 za data. Humo, mstari mmoja kwa kila faili ni mali.

Kuna gharama pia, na ni haki itajwe. Programu inayoomba ishara kwa `fcntl` na `F_SETOWN` sasa inaweza kujibiwa kwamba kumbukumbu imekwisha, kwa kuwa nafasi yake inaombwa wakati huo. Zamani ombi hilo halikuwa na njia ya kukosa kumbukumbu. Na kitanda cha zamu kinamdai kila atakayegusa msimbo huo kesho ajue nani analala lini. Mtu akija kumsoma `f_ra` faili likiwa tayari linafungwa, atakuta vibanio vya foleni na kuvichukulia kuwa ni hesabu za kusoma mbele. Hakuna kompaila itakayomwonya.

Hizi namba zote ni za x86-64 kwa mipangilio ya kawaida. Ukizima au kuwasha vipengele vya usalama au vya kutafuta hitilafu, muundo unapungua au kunenepa. Kwa hiyo usiniamini mimi. Mashine yenye kerneli ya 6.12 ikiwa mbele yako, soma `/sys/kernel/slab/filp/object_size`, kisha `slab_size` iliyo kwenye folda hiyohiyo. Kipimo cha kwanza ni mzigo, cha pili ni gunia. Kwenye mipangilio ya kawaida utakuta 184 na 192, na kati yake baiti 8 tupu. Atakayezijaza hataongeza kumbukumbu hata kidogo. Atakayekuja baada yake na baiti moja tu zaidi atairudisha 256.